Shangazi, nikinunua gari New Hampshire nitaepuka kodi?

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Lowell, Massachusetts. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu ni Nakuru, na huu ni mwaka wangu wa nne hapa Marekani. Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku, na bila gari sina kazi.

Gari nililo nalo limechoka. Tulilinunua likiwa kuukuu, na Januari iliyopita giaboksi ilikataa katikati ya barabara ya 495, saa tano usiku, theluji ikianguka. Nilikaa humo ndani saa moja na nusu nikingoja gari la kuvuta, vidole vimekufa ganzi. Usiku ule niliapa kwamba gari nitakalonunua tena litakuwa jipya kabisa, hata kama nitalilipia miaka mitano.

Tumechagua Toyota RAV4 ya haibridi. Duka lililo karibu nasi limetuandikia dola 34,000, bei ile ile iliyo kwenye karatasi ya dirishani, halafu likaongeza dola 1,500 za vitu ambavyo sikuviomba: dawa ya kukinga rangi, namba za kuzuia wizi zilizochorwa kwenye vioo, na hewa ya naitrojeni kwenye magurudumu. Jumla ni 35,500. Juu yake kuna kodi ya mauzo ya asilimia 6.25, yaani dola 2,218.75.

Shemeji yangu, ndugu ya mume wangu, anaishi Nashua, New Hampshire, maili kama 15 kutoka kwetu. Huko duka moja limetupa gari la aina hiyo hiyo kwa 33,200, bila nyongeza yoyote. Isitoshe, New Hampshire hawatozi kodi ya mauzo. Shemeji anasema tulinunue huko na tulisajili kwa anwani yake. Kwa hesabu yake tutaokoa zaidi ya dola 4,500. Mume wangu amekubali, anasema watu wengi wa kwetu wamefanya hivyo na hakuna aliyeulizwa.

Mimi moyo unasita. Nilipouliza kama jambo hili ni halali, shemeji alikasirika, akasema ninamfanya aonekane mwizi mbele ya ndugu yake. Sasa ni Jumapili ya tatu hatujala pamoja, na watoto wanauliza binamu zao wako wapi.

Muuzaji wa Nashua naye anatuharakisha. Anasema tuje Jumamosi tutie sahihi na tuondoke na gari siku hiyo hiyo, mambo ya mkopo yatakamilika wiki ijayo. Shangazi, ni kosa kununua gari jimbo jingine? Likiharibika nani atalitengeneza? Na huyu shemeji nimwambie nini?

Mama Wawili, Lowell

*

Mpwa wangu Mama Wawili,

Pole kwa usiku ule wa 495. Mtu aliyewahi kukwama kwenye theluji barabara kuu, malori yakipita yanamtikisa, haelezwi na mtu kwa nini anataka gari jipya.

Kununua gari jimbo jingine si kosa hata kidogo. Kila siku watu wa Massachusetts wanavuka mpaka kwenda kununua magari New Hampshire, na maduka ya huko mpakani yameizoea kazi hiyo. Kwa hiyo shemeji yako hakukosea alipokuelekeza Nashua. Alipokosea ni kwenye anwani. Kodi ya gari haifuati duka, inafuata mahali gari linapolala. Likilala Lowell, kodi ni ya Massachusetts, hata kama lilinunuliwa Nashua, hata kama lilinunuliwa Texas. Duka la New Hampshire halitakukata kodi hiyo, ni kweli, lakini siku utakapolipeleka kusajiliwa RMV, ofisi ya jimbo ya usajili wa magari, utatakiwa kulipa asilimia 6.25 ya bei uliyonunulia. Bila malipo hayo hupati vibao vya namba.

Hebu turudie hesabu ya shemeji. Kwenye duka la karibu na kwenu, gari pamoja na kodi ni dola 37,718.75. La Nashua ni 33,200, na kodi yake ya Massachusetts ni 2,075, jumla 35,275. Ukinunua Nashua na kusajili Lowell kwa haki, unaokoa dola 2,443.75. Hiyo ni pesa yako halali, wala hakuna mtu utakayemwogopa kwa ajili yake. Kinachobaki kwenye ile 4,500 ya shemeji ni hiyo 2,075 ya kodi, na ndiyo inayokunyima usingizi.

Tena New Hampshire si bure kama inavyosemwa. Hawana kodi ya mauzo, lakini ukisajili gari unalipa ada ya mji kila mwaka, na mwaka wa kwanza wa gari jipya ni dola 18 kwa kila dola 1,000 za bei ya kiwandani, ile iliyo kwenye karatasi ya dirishani. Kwa gari la 34,000 hiyo ni dola 612, kabla ya ada ya jimbo. Huku kwetu tuna ile kodi ya gari ya kila mwaka inayotumwa na mji, dola 25 kwa kila 1,000, ila inapigwa juu ya asilimia 90 tu ya bei ya kiwandani katika mwaka wa modeli yenyewe, kisha 60, kisha 40, kisha 25, halafu inabaki 10. Gari lako likitozwa mwaka mzima huo wa kwanza ni dola 765. Kwa hiyo tofauti ya ada hizo mbili ni dola 153. Angalia pia kwamba miji yote miwili inahesabu kwa bei ya kiwandani, si kwa bei uliyopatana na muuzaji. Wengi hushtuka bili ikifika, wakadhani wameonewa.

Sasa tuje kwenye anwani. Mpwa wangu, uongo huu hausemwi mara moja. Karani wa mji wa Nashua atataka uthibitisho kwamba unaishi pale, na hapo utasema la kwanza. Bima itakuuliza gari linalala wapi, maana ndivyo wanavyopanga bei, utasema la pili. Benki inayokukopesha itataka anwani hiyo hiyo kwenye mkataba, la tatu. Na hapo mumeo na shemeji wote wamekwisha kuingia.

Bima ndiyo inayonitisha zaidi. Mtu akikugonga saa kumi alfajiri ukitoka zamu, kampuni itatuma mchunguzi. Ataona gari liko Lowell kila usiku, watoto wanasoma Lowell, pango la nyumba unalipa Lowell. Kampuni iliyodanganywa mahali gari linapolala inaweza kukataa kulipa dai lako. Utabaki na gari lililopondeka na mkopo wa miaka mitano, benki ikidai kila mwezi. Dola 2,075 haitoshi kununua hatari ya namna hiyo.

Na Massachusetts ina sheria mahsusi kuhusu wakazi wake wanaosajili magari majimbo mengine ili kukwepa kodi na bima. Haiangalii maneno yako. Inaangalia mambo kama unapopanga nyumba, unapojaza kodi ya mapato kama mkazi, na shule wanayosoma watoto. Yote hayo kwenu yanasema Lowell.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Umesema huu ni mwaka wako wa nne. Kama uko kwa kadi ya kijani, mwakani pengine utajaza fomu N-400 ya kuomba uraia. Fomu hiyo inauliza waziwazi kama una deni la kodi lililopitwa na wakati, la serikali kuu, la jimbo au la mji. Mbele ya afisa, ukiwa umeapa, hutaki kukaa ukifikiria RAV4. Nimewaona watu wenye mioyo mizuri kabisa wakitetemeka kwenye kiti kile kwa sababu ya jambo dogo walilofanya kwa kumsikiliza jamaa.

Kwa hiyo nunua Nashua ukitaka, sajili Lowell. Lakini kabla ya kwenda, chukua ile karatasi ya bei ya Nashua uipeleke kwenye duka la karibu nanyi. Waambie: hii ndiyo bei niliyopewa, na naitrojeni siitaki. Hewa tunayovuta hii hii ni naitrojeni kwa karibu asilimia 78, hakuna sababu ya kuilipia. Sheria ya mwaka 1958 inataka kila gari jipya libandikwe karatasi ya kiwanda dirishani, yenye bei na vifaa vilivyokuja nalo. Kitu ambacho hakimo kwenye karatasi hiyo kimeongezwa na duka lenyewe, na duka linaweza kukiondoa au kukusamehe bei yake. Wakisema haiwezekani, ondoka kwa adabu. Wakishuka hadi wakaribie Nashua, umepata gari karibu na nyumbani na safari umeiokoa.

Kama ni Nashua, jambo la kwanza ni mkopo, na hapa nisikilize vizuri kuliko mahali pengine popote kwenye barua hii.

Maneno ya yule muuzaji, kwamba mtie sahihi Jumamosi na mkopo ukamilike wiki ijayo, mimi niliyasikia mwaka wangu wa tatu hapa. Nilitia sahihi Ijumaa jioni, nikaendesha gari hadi nyumbani, nikawapigia honi watoto watoke waone. Siku ya tisa simu ikalia: benki imekataa, rudi utie sahihi upya, na riba imepanda. Gari langu la zamani nililowaachia walikuwa wameshaliuza. Nilikuwa sina gari la kurudia, nina aibu ya kulirudisha lile jipya mtaa mzima ukiwa umeliona, na sikujua kwamba ningeweza kukataa. Nikatia sahihi. Riba ile niliilipa miaka mitano. Ni mtindo unaojulikana sana hapa Marekani, na wageni ndio wanaokamatwa zaidi kwa sababu tunaona aibu kuuliza.

Kinga yake ni kwenda na mkopo wako mkononi. Wiki hii, kabla ya duka lolote, nenda kwenye chama cha akiba na mikopo au benki unayowekea mshahara, uombe kibali cha mkopo wa gari. Watakwambia kiasi na riba, kwa maandishi. Hapo ndipo muuzaji akikupa riba yake utaweza kulinganisha, maana maduka mengi huongeza asilimia yao juu ya riba ambayo benki imewapa. Riba ya duka ikiwa chini kweli, ichukue, lakini usitoke na gari mpaka mkataba wa mkopo uwe umekubaliwa na mkopeshaji. Na gari lako la zamani usilikabidhi kabla ya hapo.

Jambo lingine linalowaponza wengi: zile siku tatu za kubadili mawazo ambazo watu husimuliana hazipo kwa gari lililonunuliwa dukani. Sheria hiyo ya serikali kuu inahusu zaidi wanaouza mlangoni kwako. Ukishatia sahihi pale Nashua, gari ni lako.

Kuhusu usajili, uliza duka mapema kama wao hufanya makaratasi ya Massachusetts. Wakisema ndiyo, watajaza fomu ya usajili na hati ya umiliki, ile kwetu tunaita logibuku. Bima yako lazima iithibitishe fomu hiyo kwa muhuri. Massachusetts haina desturi ya kutoa vibao vya muda vya karatasi kama majimbo mengine, kwa hiyo usikubali kuambiwa "chukua tu gari, vibao vitakuja." Fanya usajili kwanza, vibao viwe tayari, ndipo uende kulichukua. Hati ya umiliki ni dola 75 na usajili wa miaka miwili ni dola 60. Baada ya kusajili una siku saba za kulipeleka kukaguliwa. Duka likisema halishughuliki na Massachusetts, bado si mwisho, ila wewe mwenyewe utabeba hati ya kiwanda na risiti ya mauzo hadi RMV, na mtu wa zamu ya usiku anajua asubuhi moja ya foleni inagharimu nini.

Siku ya kulitazama, fungua boneti. Chini yake kuna kibandiko cha moshi. Massachusetts inafuata kanuni za moshi za California, na gari jipya lenye chini ya maili 7,500 linatakiwa liwe limeidhinishwa kwa kanuni hizo ndipo lisajiliwe hapa. New Hampshire haina sharti hilo. Magari mengi siku hizi yanatengenezwa kufaa majimbo yote, na haibridi yako huenda haina tatizo, lakini soma kibandiko kwa macho yako, California imetajwa au haikutajwa, kabla pesa haijatoka. Linganisha pia ile namba ya gari yenye herufi na tarakimu 17: ya kwenye dashibodi, ya kwenye karatasi ya dirishani, na ya kwenye mkataba. Zote tatu ziwe moja.

Umeuliza nani atalitengeneza. Dhamana ya gari jipya inatoka kwa kiwanda, si kwa duka. Duka lolote la Toyota lenye idhini, hata lile la karibu nawe ulilokataa kununua kwake, linaweza kulitengeneza ndani ya dhamana, na kiwanda ndicho kitakacholilipa. Wakikununia kwa sababu hukununua kwao, hiyo ni tabia yao, lakini kazi wataifanya. Linalobadilika ukivuka mpaka ni sheria ya gari jipya linaloharibika mara kwa mara. Ya Massachusetts inakulinda mwaka mmoja au maili 15,000, lolote litakalotangulia, na New Hampshire wana yao yenye utaratibu wake. Usidhani ya huku inakufuata kule. Muulize muuzaji gari hili litasimama chini ya sheria ipi, akujibu kwa barua pepe, kisha uihifadhi.

Sasa shemeji. Mimi sioni mwizi hapo. Naona mtu aliyeona ndugu yake anahangaika na gari bovu, akataka kusaidia kwa njia anayoijua. Kilichomuuma si swali lako, ni kuulizwa mbele ya kaka yake. Kwa hiyo usiende na maneno ya halali na haramu tena. Anza na mumeo, ninyi wawili peke yenu, watoto wamelala, mwonyeshe hesabu hii kwenye karatasi: 2,443.75 tunaokoa kwa ushauri wa ndugu yako, 2,075 tunalipa Massachusetts. Halafu mwulize kama yuko tayari jina la ndugu yake liingie kwenye faili la mchunguzi wa bima siku wewe ukipata ajali. Mara nyingi mwanamume anayepuuza hatari yake mwenyewe hapuuzi hatari ya mdogo wake.

Akikubali, yeye ndiye ampigie shemeji, si wewe. Amwambie: tunanunua huko kwenu, kwa lile duka ulilolipata, twende pamoja ukatusaidie kulikagua. Hapo heshima yake imerudi, maana ni kweli duka amelipata yeye na pesa ameiokoa yeye. Habari ya anwani itajwe kwa sentensi moja, kwamba uraia wako uko karibu na hutaki karatasi yoyote yenye maswali. Hakuna jamaa mwenye akili atakayebishana na hilo. Na wewe upike Jumapili hiyo. Waite wote, mje mle, gari lisitajwe mezani.

Yule muuzaji mpigie simu umwambie Jumamosi hii hamwendi. Mtakuja kibali cha mkopo kikiwa tayari na bima imeshapiga muhuri. Kama anataka amana ya kulishikilia gari, lipa kwa kadi, na aandike kwenye risiti kwamba inarudishwa mkibadili nia. Akikataa kuandika, usimpe hata dola moja. RAV4 nyingine zipo, hata kama zitachukua wiki kadhaa kufika.

Niandikie ukishapata vibao.

Shangazi